Mkaa Uliolala Ndani

Moshi wa tanuri la mkaa una harufu yake, si kama wa jikoni wala wa shamba linalochomwa. Ni mzito, una utamu wa utomvu na uchachu wa udongo uliolowa, na ukishaingia kwenye nywele hautoki hata ukoshe kwa sabuni ya mche. Nilipokuwa na miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu. Tulikaa Igalula, nyumba ya mwisho kabla pori halijaanza, na baba alichoma mkaa huko ndani, upande wa Tura. Kabla sijamwona akirudi nilikuwa nimeshamnusa. Njia aliyopita na baiskeli yake, magunia yakiwa yamemzidi kimo, ni ile ile ya misafara ya zamani. Shuleni tulifundishwa kwamba ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mimi nilichokiona ikipitisha ni msitu wenyewe, gunia kwa gunia, kwenda kwenye majiko ya mjini.

Baba hakusoma sana, lakini moshi aliusoma. Ukiwa mweupe alisema magogo bado yanatoa jasho. Ukigeuka wa njano, yameanza kuiva. Ukiwa mwembamba, wa buluu, ndipo alipoziba matundu yote kwa udongo na kuliacha tanuri life polepole. Mkaa ukishafukuliwa ulitandazwa nje siku mbili nzima, upigwe na upepo, ndipo utiwe kwenye magunia. Wachoma mkaa wa kwetu walikuwa na msemo: mkaa mpya ni mgeni, haulazwi ndani. Kipande kinaweza kuwa cheusi na cha baridi kwa nje huku moyoni bado kina moto, na hewa yake huua mtu usingizini bila moshi kuonekana. Hata mimi, mtoto, niliijua sheria hiyo kama nilivyoijua sala ya Baba Yetu.

Masika ya mwaka huo yalikuja na habari mbaya. Dereva wa bodaboda alisimama uani kwetu bila hata kuzima pikipiki, akasema watu wa misitu wako Tura, wanakamata kila gunia lisilo na kibali, na kesho watakuwa Igalula. Baba hakuwa na kibali. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, kwa hiyo hakungoja kuuliza mara ya pili. Alirudi porini jioni hiyo hiyo, akafukua tanuri ambalo moshi wake bado ulikuwa wa njano, akamwagia maji, akajaza magunia. Asubuhi yaliingia ndani yote. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Milembe, huu mkaa umelala nje?"

"Umelala."

"Umelala wapi, na jana ulikuwa tanurini?"

"Sasa mama, niuache nje uchukuliwe na mvua, au uchukuliwe na wale? Chagua wewe."

Mama akapisha mlango. Magunia yakapangwa chumbani kwetu, mimi na mdogo wangu Kabula, mpaka yakafika usawa wa dirisha, na dirisha likazibwa kwa blanketi ili mpita njia asione. Kisha baba akachuchumaa mbele yangu. "Milembe, mtu akiuliza kuna nini ndani, unasema hakuna kitu. Hata akiwa nani." Niliitikia kwa kichwa. Lazima niseme ukweli, nilifurahi. Mimi ni mtu wa aibu tangu nikiwa mdogo, nyumbani waliniita bubu kwa utani, na siku hiyo kwa mara ya kwanza kukaa kwangu kimya kulikuwa na kazi.

Baba alikwenda kutafuta gari la kubeba mzigo, mama akaenda shamba. Mchana mvua ikashuka, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka usisikie unachowaza. Tulikaa chumbani mlango umefungwa. Kabula alikuwa na miaka minne. Akasema, "Dada, kichwa kinaniuma," akalala juu ya mkeka huku bado ameshika kipande cha muhogo. Mimi nami kichwa kilinigonga na miguu ikawa mizito kama si yangu. Moshi sikuuona. Niliweka kiganja kwenye gunia la karibu. Lilikuwa na joto, joto tulivu kama ubavu wa ng'ombe. Hapa sitajidanganya: nilijua maana yake. Nilijua, na nikaondoa mkono.

Ndipo jirani yetu, Mama Yustina, akapiga hodi. Nilitoka nikiyumba, nikaurudishia mlango nyuma yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Shamba."

"Na mvua hii! Kabula je, mbona simsikii? Yule ni redio ya mtaa."

"Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi."

"Na wewe mbona macho yamekuiva? Kuna nini humo ndani?"

"Hakuna kitu."

Alinitazama, akavuta kanga kichwani, akaondoka. Nilirudi chumbani kumwamsha Kabula. Hakuamka. Mdomo ulikuwa umefunguka na muhogo umeanguka. Nilimvuta mkono, ukarudi chini wenyewe. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua, na ninachokiandika sasa sijawahi kumwambia mtu: nilisimama. Sijui kwa muda gani. Mdogo wangu alikuwa ndani, nami nilikuwa nje nikiwaza baba atasema nini nikisema. Mficha uchi hazai, wakubwa walituambia kila siku, lakini hawakutuambia mtoto afanye nini pale aliyeamuru uchi ufichwe ni baba yake.

Mwishowe nilikimbia. Nilimkuta Mama Yustina jikoni kwake nikamshika kanga, nikamvuta kuelekea kwetu.

"Sema basi, ulimi umeuacha wapi?"

"Mkaa," nikasema. "Uko ndani."

Hakuuliza la pili. Mumewe naye alikuwa mchoma mkaa. Alimtoa Kabula amembeba begani kama mzigo, akamlaza barazani, uso kwenye upepo, akawa anamwita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Jina la Kabula ni la mtoto aliyezaliwa siku ya mvua, na aliliita mara nyingi sana kabla mtoto hajakohoa. Nyuma yetu, chumbani, gunia la chini lilianza kung'aa kwenye mishono.

Baba aliporudi hakunipiga. Alikaa barazani mpaka nguo zikamkaukia mwilini. Na watu wa misitu hawakuja, si siku hiyo wala wiki ile.

Kabula sasa anakaribia miaka kumi na moja. Hasomi vizuri. Huanza sentensi akasimama katikati, akatabasamu, kama mtu aliyefika njia panda asiyoikumbuka. Ile redio ya mtaa imezimika. Mwalimu wake husema ni mzito tu, na mama husema ni Mungu. Mimi sisemi. Baba aliacha tanuri, tukahamia mjini, Mtendeni, naye anabeba mizigo sokoni. Mama alipopata mtungi mdogo wa gesi, baba aliutazama ule mwali muda mrefu, akasema, "Huu moto hauna kilio cha mtu ndani yake." Tuliamini mambo yamekwisha.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni "usalama wa nishati," akatueleza kwamba meli zikikwama kwenye bahari ya mbali, bei hupanda mpaka huku kwetu kusiko na bahari. Wenzangu walisinzia. Mimi niliandika kila neno, kwa sababu nyumbani mtungi ulikuwa mtupu tangu Jumapili na mwenye duka hakujua gesi itakuja lini. Igalula nako, wanasema, ukisimama uani petu pa zamani husikii tena shoka. Si kwamba wameacha kukata. Miti imesogea mbali mno.

Juzi mama akanituma mkaa. Mvua ilikuwa inanyesha, foleni ya akina mama ilizunguka kibanda, na malori yalikuwa yameshusha mzigo ambao bado ulitoa harufu ile ya baba. Zamu yangu ilipofika nikauliza, kwa sauti yangu ndogo, ulitoka tanurini lini.

"We binti, unanunua mkaa au unauposa?" Foleni nzima ikacheka. "Asubuhi hii. Mbichi kabisa!" akasema muuzaji kwa fahari, kama mtu anayesifu mkate.

Niligeuka. "Msiuingize ndani," nikawaambia. Hawakusikia, kwa mvua na kicheko. Nikasema tena, safari hii kwa kelele mpaka koo likaniuma: "Jamani, msiulaze ndani na watoto!" Kicheko kikakatika. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinitazama, akalitazama gunia lake, akatazama mawingu juu ya bati la kibanda.

"Sasa tuuweke wapi, mwanangu?" akaniuliza.

Alikuwa anauliza kweli.