Salamu Zitangoja Ng'ambo

Ukimwona Kavata Nthiwa kwa mara ya kwanza utadhani amegombana na baiskeli yake. Huiongelesha njiani, huikemea ikipata pancha, na huipigia kengele hata barabara ikiwa tupu. Siku ya soko hapa Emali huja juu ya ile baiskeli nyeusi ya kiume, gunia la ndengu kwenye keria, sketi ameibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mimi cherehani yangu iko barazani, mkabala na uwanja wa kanisa letu, kwa hiyo hafanyi jambo nisilione. Na nisiloliona huja kuniambia mwenyewe, kwa sauti inayofika stesheni.

Alizaliwa Mbumbuni. Baiskeli alijifunza kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la kati, kama tulivyojifunza sisi wengi, kwa maana baiskeli ilikuwa ya baba na kiti chake hakifikiki. Akaolewa huku, akaanza kuuza ndengu, na Jumapili hufundisha watoto kanisani. Hizo ndizo kazi zake. Hii nyingine ya barabara hakuna aliyempa.

Alijipa mwenyewe mwaka juzi, baada ya mwanafunzi wake Musyimi kugongwa na pikapu akivuka barabara ya Mombasa na mtungi wa maji nyuma ya baiskeli. Musyimi alipona. Leo ndiye golikipa wetu, na kovu la mguuni huwaonyesha wenzake kama medali. Lakini Kavata ndiye aliyefika pale wa kwanza, na yeye hakupona upesi hivyo. Kioski cha maji kiko ng'ambo ile, nyumba ziko ng'ambo hii, na wachotaji ni watoto.

"Barabara haiwezi kuhamishwa, Mama Ben," aliniambia. "Wacha basi nifundishe watoto. Na wewe utanishonea alama."

Hakuuliza kama nina nafasi. Nilinung'unika, nikashona. Vitambaa vyekundu vya Simama, mishale ya kona, na ile pembetatu yenye watoto wawili, ambao kwa mkono wangu walitoka kama viazi vitamu vinavyokimbia. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, lakini hakuna aliyeisahau alama ile tena.

Kila Jumamosi Kavata huchora barabara uwanjani kwa majivu. Watoto hujigawa makundi matatu: Emali, Makindu na Mbumbuni. Kundi moja huwa lori. Wanajipanga chini ya turubai kuukuu, wa mbele ameshika kifuniko cha sufuria kama usukani, wote wananguruma. Sheria ya lori ni moja tu, na Kavata huisema kwa ukali: lori likishashika kasi haliruhusiwi kusimama ghafla. Makundi mengine huvuka kwa zamu, na baiskeli au bila. Unasimama, unaangalia kulia, kushoto, kulia tena, unavuka moja kwa moja. Ukiguswa na turubai, kundi lako limeshindwa. Na kundi linaloshinda linapanda baiskeli ya Kavata na kupiga kengele watakavyo. Kelele hiyo nimeivumilia mimi, na cherehani yangu ni shahidi.

Basi hapo ndipo alipoingia Mzee Nzomo.

Mzee Nzomo ni mzee wa kanisa na ndiye anayeshika ufunguo wa geti la uwanja. Pia ni bingwa wa salamu. Hakuna mtu anayempita. Na kwetu, mtoto aliye juu ya baiskeli akisalimiwa na mzee, hushuka. Kupunga mkono ni utovu wa adabu. Anashuka, anashikilia baiskeli, anaitikia mpaka mzee aridhike kuuliza habari za mama, za mbuzi na za mvua. Tumelelewa hivyo, na mimi mwenyewe nimewahi kumkunjia uso mtoto aliyenipita juu juu.

Sasa, juma moja, mjukuu wa Mzee Nzomo aitwaye Mutindi alikuwa katikati ya lami na baiskeli akitoka kuchota maji. Babu yake, amekaa nje ya hoteli na wenzake, akamjulia hali kwa Kikamba: "Mutindi! Wi museo?" Mtoto akakaza macho mbele kama alivyofundishwa, akavuka, na mtungi ulivyokuwa mzito akaenda zake nyumbani. Wale wazee wengine wakacheka. Hapo ndipo palipouma.

Jioni Mutindi alikaripiwa vizuri. Na Jumamosi Mzee Nzomo akaja uwanjani, kofia kichwani, kufuli mkononi.

"Mwalimu, hii game yako imeisha leo," alisema. "Mtoto wangu amenipita kama mti. Unafundisha hawa watoto kiburi. Ndani ya uwanja ya kanisa!"

Nilisimamisha cherehani. Nilijua hakuna uwanja mwingine. Kwingine kote ni maduka, reli na maegesho ya malori. Kufuli lile likifungwa, watoto wangerudi kujifunzia barabarani penyewe, na Musyimi alikuwa amesimama pale na kovu lake. Nikawa na maneno matatu manne ya kumwambia mzee yule ambayo si ya uwanja wa kanisa.

Kavata hakubishana. Kwa mtu wa kelele kama yeye, nilishangaa.

"Ni sawa, mzee. Ufunguo ni yako," alisema. "Lakini tumalize hii raundi moja. Tulikuwa tunakosa mzee wa kusimama kando ya barabara. Tafadhali, tusaidie."

"Nisimame nifanye nini?"

"Simama tu vile unasimamanga."

Mzee Nzomo hapendi kutazamwa, nani kasema? Anapenda sana. Akashika kiuno, akasimama kando ya majivu. Zamu ikawa ya Mutindi. Akapanda baiskeli ya Kavata kwa kupenyeza mguu chini ya bomba, maana urefu bado. Akasimama mahali pa Simama, akaangalia kulia, kushoto, kulia, akaingia barabarani. Lori likatoka mbali likinguruma.

Alipofika katikati, Mzee Nzomo, kwa mazoea ya miaka yake yote, akafungua mdomo: "Mutindi! Wi museo?"

Mtoto akashuka. Pale pale katikati. Akashikilia baiskeli kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaitikia, "Ni museo, umau," yaani mzima, babu.

Lori halikusimama, kwa sababu sheria ni sheria. Turubai, kifuniko cha sufuria, baiskeli na watoto vyote vikaenda chini kwa kishindo. Vumbi lilipotulia walikuwa wakicheka, hata Mutindi akicheka na kiwiko kimechubuka. Uwanja mzima ulicheka isipokuwa mtu mmoja.

Mzee Nzomo alikwenda akawatoa watoto wengine juu ya mjukuu wake, akamwinua, akampangusa vumbi.

"Mbona ulisimama katikati?" alimuuliza. Sauti ilikuwa ndogo, siyo yake.

"Umau, si ulinisalimia?"

Alitazama lile turubai, akamtazama Musyimi, akaangalia upande wa lami ambako trela la kweli lilikuwa likipita. Kufuli akalitia mfukoni.

"Rudisheni hiyo lori nyuma," alisema. "Turudie."

Mara ya pili alibana midomo mpaka mashavu yakavimba. Watoto walipoona vile wakacheka upya, lakini Mutindi alivuka. Kesho yake kanisani, baada ya matangazo ya harusi, Mzee Nzomo alisimama akasema kwamba kuanzia siku hiyo mtoto aliye barabarani ameruhusiwa na wazee kutoitikia mtu yeyote. Salamu zitangoja ng'ambo. Angesema mwalimu, wazee wangekasirika. Alisema mzee, basi ikawa.

Jumatatu Kavata alikuwa amekaa nami barazani akinieleza ubaya wa ndengu za msimu huu. Kule barabarani tukamwona Mutindi amefika ukingo wa ng'ambo ile na baiskeli na mtungi wake. Ng'ambo hii alisimama babu yake, amemwona, na mdomo ameuziba kabisa kwa kiganja, kama mtu anayezuia kikohozi kanisani. Lori likapita. Basi likapita. Mtoto akaangalia, akavuka akisukuma, akatoka kwenye lami mpaka kwenye mchanga, akaegesha baiskeli vizuri.

"Umau!" alipaza sauti. "Wi museo?"

Mzee akaondoa mkono mdomoni, akaitikia kwa nguvu, kisha akaanza kuuliza habari za mama, za mbuzi na za mvua. Nilimgeukia Kavata tucheke pamoja. Alikuwa ameziba mdomo wake vile vile, na machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole.