Ndama wa Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alipewa ng'ombe mwekundu awe anamkamua yeye. Mimi, mke mkubwa, nikaachiwa yule mweusi, maziwa kidogo na mateke mengi. Wivu ulinishika hadi nikaona kibuyu chake cha maziwa kinanicheka. Wala sikuficha. Yule mwekundu aliposhika mimba nilisema mbele ya mama mkwe kwamba tungoje tuone atazaa nini.

Akazaa ndama asiye na macho. Kope zilikuwa zimeshikana, na ukigusa kwa kidole unasikia kitu kigumu ndani, kidogo kama punje ya uwele.

Kila mtu akakumbuka maneno yangu. Mume wetu akaacha kula kwangu. Mama mkwe akasema husuda yangu ndiyo iliyomfunga macho ndama, na kwamba ng'ombe wangu, aliyekuwa naye na mimba, akizaa salama nitarudishwa kwa baba yangu, watoto wangu wabaki.

Mwenzangu alimlaza ndama wake ndani ya tembe, karibu na kitanda, akawa anamwongoza kwa kugonga kibuyu. Na mume wetu, ambaye hajawahi kunikatia hata ukuni, alimkatia majani mabichi kila siku. Jamani, nilimwonea wivu mnyama kipofu.

Lakini nilikuwa na la kusema. Askari wa Mjerumani walipopita kuchukua ng'ombe, katika madume yetu mume wetu aliwahi kuficha porini moja tu. Yule mwekundu na yule mweusi wote ni mabinti wa dume hilo, na hilo hilo ndilo lililowapanda. Nilipolisema, kwamba kasoro imetoka kwenye damu moja hiyo, mume wetu alinikatiza: dume lake halina kasoro.

Basi nikaomba ng'ombe wangu azae kipofu. Mfugaji gani anaomba hivyo?

Alizaa asubuhi, watu wamejaa zizini. Sikungoja amlambe mwanawe. Nilipeleka kidole kwenye kope. Punje ya uwele, huku na huku. Nikacheka huku machozi yananitoka. Mama mkwe akaondoka. Mume wetu akaenda kulitazama dume lake.

Mwenzangu akabaki, akigonga kibuyu chake mkononi.

"Pole, dada," akasema. "Nitakufundisha kumwongoza."

Nyuma yake ndama wake aliingia zizini akifuata mlio, akapita mlangoni bila kugusa nguzo. Wangu alikuwa anajigonga kwenye miguu ya mama yake. Wivu ukanirudia palepale.