Chukua Sanduku Lote

Mimi sijawahi kumtupa samaki ziwani. Sijawahi hata kupanda mtumbwi. Nilizaliwa juu ya ukingo wa Manga, ambako mvua ikishaosha anga ziwa huonekana kwa mbali, jembamba na jeupe, na kuliona hivyo kulinitosha. Kwa hiyo amri ilipotolewa kule chini kwamba mvuvi haruhusiwi tena kurudisha majini samaki asiyemtaka, nilisema hayo ni mambo ya wenye nyavu. Nikaendelea na shughuli zangu. Haukupita muda mrefu amri hiyo hiyo ikapanda milima, ikanikuta sokoni Kebirigo mbele ya karai langu la mafuta, na mpaka leo nikiikumbuka damu hunichemka.

Niseme kwanza kazi yangu ilivyokuwa. Asubuhi nilikwenda Kisii mjini kwa bwana mmoja mwenye lori, ambaye masanduku yake ya barafu yalitoka ziwani kabla hakujapambazuka. Nilichagua kwa mkono wangu. Nilimgeuza kila ngege, ambaye wengine humwita sato, nikamfunua matamvua nione kama bado ni mekundu, nikambonyeza tumbo. Asiyenipendeza nilimwacha. Kisha nilirudi Kebirigo, nikapara magamba, nikatumbua, nikatia chumvi, nikakaanga. Nilikuwa na mdomo mkali wakati wa kuchagua, na yule bwana alizoea kunitania kwamba nachagua samaki kama mtu anayetafuta mchumba.

Wateja wangu wengi walikuwa Wasabato wenzangu. Sisi hatuli samaki asiye na mapezi na magamba. Biblia imesema, nasi hatubishani nayo. Kambale, yule wa masharubu na ngozi tupu ambaye watu wa ziwani humwita mumi, haingii jikoni kwetu, na mafuta yaliyomkaanga hayaingii pia. Ndiyo maana nilikuwa na mtindo wangu. Nikimpara samaki, niliacha kipande kidogo cha magamba karibu na mkia, ili mteja asiyenijua aone kwa macho yake. Wauzaji wengine walinicheka, wakasema ni uvivu. Acha wacheke, wateja walikuwa kwangu.

Siku yangu kubwa ya biashara ilikuwa Ijumaa. Wasabato walinunua chakula cha Sabato ya kesho yake, kwa kuwa siku hiyo hatuwashi moto wa kupikia, na Wakatoliki nao walinunua kwa sababu ya Ijumaa yao isiyo na nyama. Karai langu halikupoa mpaka jua lilipoelekea kuzama. Wa kwanza kufika alikuwa daima mke wa mzee wa kanisa letu, mama mtu mzima, mwenye kikapu cha mkonge na maneno machache. Huyo hakuwahi hata kuangalia mkia. Alisema kwangu yeye hununua akiwa amefumba macho, na maneno hayo niliyathamini kuliko hela alizonipa, kwa sababu sokoni mtu akishaaminiwa na mama yule ameaminiwa na kanisa zima.

Naomba nieleweke. Amri yenyewe haikuwa ya kijinga. Kulikuwa na wavuvi waliokokota nyavu za matundu madogo, wakachagua samaki wazuri, wakawamwaga wengine majini wakiwa wamekwisha kufa, wakaelea na kuoza. Ukimlazimisha mtu huyo kubeba kila alichokivua mpaka ufukoni, atachoka kubeba asichoweza kukiuza, atatafuta wavu wa matundu makubwa. Hivyo ndivyo walivyoeleza redioni, nami nikatikisa kichwa kukubali. Waliongeza kwamba samaki wasiofaa kuliwa watasagwa kiwandani wawe chakula cha kuku na cha samaki wa vidimbwi. Mimi swali langu ni moja: kiwanda kiko wapi? Niliwauliza waliotoka huko. Wakaniambia kuna uwanja umezungushiwa waya na ndani yake wanalisha mbuzi. Mtu mzima mwenye akili timamu anatoaje amri ya kubeba mzigo kabla ya kutayarisha pa kuutua?

Asubuhi moja nilitia mkono sandukuni kama kawaida. Mwenye lori akafunika.

"Mathe, siku hizi hakuna kuchagua," alisema. "Chukua sanduku yote ama uwache."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo sheria. Wavuvi wanashukisha kila kitu, na sisi tunauziwa kila kitu. Sasa mimi nitapeleka wapi?"

"Kwa hivyo mimi ndiyo pipa yako ya takataka?"

"Usinikasirikie. Hata mimi nimebebeshwa tu."

Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana alisema kweli. Mvuvi alimsukumia yeye, yeye akanisukumia mimi, na katika kusukumiana huko mimi ndiye niliyekuwa wa chini kabisa, ingawa nilikaa juu milimani kuliko wote. Nililipia sanduku. Nilipolifungua Kebirigo nilikuta ngege wazuri wamepangwa juu, chini yao kambale wamejilaza na masharubu yao, na chini kabisa vitoto vya mbuta, yaani sangara, visivyozidi kidole, ambavyo hata mifupa yake haijakomaa.

Kwa kambale nilipata njia. Jirani yangu wa meza ya pili alikuwa Mkatoliki, mwanamke mcheshi mwenye karai lake na mafuta yake. Nilivaa mfuko wa plastiki mkononi, nikamhamishia kambale wote, akashangilia. "Dini yako inanilisha," alisema, tukacheka sote wawili. Nilidhani mambo yamekwisha.

Ijumaa iliyofuata mke wa mzee wa kanisa aliwahi kuliko siku zote. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemwaga sanduku, kambale bado wamo katika beseni langu.

"Bwakire," alinisalimu, halafu akainamia beseni. Tulizungumza Kigusii, ambamo mama wa heshima huitwa omong'ina, na maneno yake nayakumbuka yote. "Hao ni wa nani?"

"Si wa kuuzwa hapa, omong'ina. Wamekuja ndani ya sanduku. Nampa jirani sasa hivi."

"Na hawa ngege, wamelala nao katika barafu hiyo hiyo?"

Nilimweleza amri. Nilimweleza lori, wavuvi, kifuniko cha sanduku. Nilimwonyesha mikia yenye magamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, bila kunikatiza.

"Hiyo ni sheria yao," alisema. "Sisi tunayo yetu. Mwanangu, sisemi umekosea. Nasema tu kwamba sijui tena ninachokula."

Aliondoka na kikapu kitupu. Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimefika hadi soko la Nyaramba, na sijui zilipanda bodaboda ya nani. Wanawake tulioimba nao kwaya walipita mbele ya meza yangu wakanisalimu vizuri sana, wakanunua mayai. Nilitamani wanitukane. Ukitukanwa unajibu, ukisalimiwa vizuri na kurukwa utasema nini? Nililia pale pale sokoni, na sikuona haya, kwa sababu sikuwa na kosa. Nilikuwa nimeacha kuchaguliwa kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kuchagua.

Nilijaribu tena. Nilinunua barafu yangu, nikaosha ngege kwa chumvi na ndimu, nikawatenga mbali. Wateja wachache walianza kurudi, wakinunua kidogo kidogo. Vile vitoto vya mbuta niliviweka kwenye ndoo, nikikusudia kuvikausha niwape kuku. Basi Ijumaa nyingine, moto ukiwa umekolea, akatokea ofisa wa ukaguzi, kijana nadhifu mwenye viatu virefu vya mpira, akafunua ndoo.

"Hii samaki ni ndogo. Hairuhusiwi kuwa sokoni."

"Siuzi hizo. Nimeuziwa kwa lazima."

"Hungefaa kununua."

"Ningechagua aje na sanduku imefungwa?"

"Basi hungefaa kununua hiyo sanduku."

"Na mvuvi angeziwacha kwa maji?"

"Hapana. Hiyo imekatazwa."

"Sasa ziende wapi?"

Alifikiri kidogo, namshukuru kwa hilo. Kisha akasema, "Hiyo ni idara ingine."

Aliamuru samaki wangu wote waharibiwe, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu wametoka katika sanduku moja. Nilimtazama nisiamini. Serikali na kanisa letu hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote pale Kebirigo, lakini juu ya sanduku langu walikubaliana. Ofisa na vijana wake wakabeba ndoo na beseni mpaka kwenye shimo nyuma ya soko, nami nikawafuata. Wakamwaga. Wakamwaga ngege niliowaosha kwa ndimu, wengine tayari wametiwa chumvi, wengine wamekaangwa na bado wa moto. Juu yao wakanyunyiza mafuta ya taa asije mtu akawaokota.

Nilipiga kelele. Niliwauliza, samaki aliyekatazwa kutupwa ziwani kuliko na ndege wa kumla na samaki wenzake wa kumtafuna, mnakujaje kumtupa hapa, kwenye shimo, juu ya maganda ya ndizi? Kosa la mvuvi lilikuwa kutupa. Ninyi mnafanya nini? Ofisa aliniambia nisipandishe sauti. Nikaipandisha. Jirani yangu Mkatoliki akanishika mkono akaniondoa kabla sijafanya jambo la kunipeleka kituoni, na siku hiyo mimi nilifunga meza mapema kuliko siku zote, harufu ya mafuta ya taa ikinifuata mpaka nyumbani.

Baada ya hapo ikawa wazi kwangu ni nini kilichokuwa kinaniponyoka. Haikuwa samaki wa siku moja. Ilikuwa meza yenyewe, na jina langu juu yake. Soko la Kebirigo halikuachii nafasi ukae ukihuzunika; mwanamke wa viazi alikwisha kuniuliza kama bado naitumia.

Nilirudi kwa mwenye lori nikiwa na maneno yangu yote tayari, nikakuta hakuna wa kumtukana. Wanunuzi wa milimani walikuwa wamepungua. Lori lilikuja nusu. Alinieleza kwamba baadhi ya wavuvi wameanika nyavu na kwenda kutafuta vibarua, kwa sababu mtumbwi uliojaa visivyouzika hauwezi kujaa vinavyouzika, na petroli ya injini haiulizi umebeba nini. Wale wenye nyavu za matundu madogo, ambao amri ilitungwa kwa ajili yao? Hao walijifunza kumwaga samaki wakiwa mbali, wasikoonekana. Aliyekuwa mwaminifu ndiye aliyebeba.

"Lakini kuna hii," alisema, akanifungulia friza.

Ndani kulikuwa na katoni. Ngege watupu, wote ukubwa mmoja, wameparwa na kutumbuliwa tayari, wagumu kwa barafu.

"Zimetoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Mathe, hizo zinafugwa. Hakuna kubwa, hakuna ndogo, hakuna mumi. Usiulize mingi."

Nilikataa. Nilikataa kwa hasira, nikarudi nyumbani kuchuma chai, na mara mbili nikapita sokoni nikaona meza yangu imewekewa magunia ya viazi. Mara ya pili sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda Kisii nikanunua katoni.

Ijumaa ile niliondoa magunia ya viazi mezani pangu, nikakaanga bila moyo. Samaki wale walitoa maji mengi na hawakunukia ziwa, hawakunukia chochote. Mke wa mzee wa kanisa alikuja akasimama mbele yangu, akawaangalia kwa makini.

"Wa katoni hawa, omong'ina," nilimwambia kabla hajauliza. "Wametoka nchi za mbali. Sijui walivuliwa wapi, sijui walilishwa nini, wala sijui wamekaa kwenye barafu muda gani."

"Lakini wote ni ngege?"

"Wote."

"Hakuna wa aina nyingine ndani?"

"Hakuna."

Uso wake ulifunguka. Alijaza kikapu. Wanakwaya waliokuwa wakinunua mayai walimwona, wakasogea, na katika muda mfupi nilikuwa na foleni ambayo sikuwa nimeiona tangu amri itoke. Ziwa liko pale pale, mtu akitoka alfajiri na lori anafika kwetu chai ya asubuhi haijanywewa. Wavuvi wake wameanika nyavu, nasi tunakula samaki waliovuka bahari. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuiangukia, kwa sababu mbele yangu walisimama watu niliowapenda na kuwakosa, wanacheka, wananiita kwa heshima, wananipa hela.

Yule mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Umetuchagulia vizuri."

Nilimfungia samaki wake. Sikuwa nimechagua hata mmoja.