Perege wa Bibi Muuguzi

Nilikuwa tayari mwanamke mwenye mtoto mgongoni kabla sijamwona samaki kwa ubavu. Sisi wa mitelemko ya Meru hatukuwa watu wa samaki. Nikienda kuchota maji mtoni niliona migongo yao tu, vivuli vinavyokimbia mtungi. Basi siku nilipoingia mara ya kwanza nyumbani kwa Bibi muuguzi, nikakuta sanduku la kioo karibu na dirisha, limejaa maji, na ndani yake perege saba wamesimama kama waliotundikwa hewani. Jua lilipita katika mapezi yao. Nilisimama pale na mtungi kichwani mpaka shingo ikaniuma, na Bibi akacheka.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Bibi huyo alikuwa mwanamke wa Kijerumani aliyeishi peke yake upande wa Makumira, akitibu macho na vidonda vya watu. Mimi nilimchotea maji na kumfulia. Kiswahili alijifunza pwani, mimi nilikuwa bado najikongoja nacho, na kwa hicho tulielewana.

Alinifundisha kuwatunza wale samaki. Makombo ya chakula yatolewe kabla hayajaoza. Maji mapya yalale ndani siku nzima yapate joto la nyumba. Na yasibadilishwe yote kwa pamoja, ila kibuyu kimoja tu kila asubuhi. Nilishika yote, nikaona ni kazi nyepesi kuliko kufua mashuka.

Masika yale mfereji wetu ukabomoka. Wanaume walikwenda juu mlimani kuujenga upya, na kwa siku kadhaa hatukuwa na maji ya karibu. Mtoto wangu alikuwa na homa, sikutaka kutembea mbali. Nikachota kwenye chemchemi ya bondeni, ile wanayonywesha ng'ombe. Maji yake yalikuwa safi kabisa, unaona kila kokoto chini. Na kwa kuwa maji ya sanduku yalikuwa yamechafuka, nikayatoa karibu yote, nikamimina mitungi miwili mara moja.

Asubuhi perege wawili walikuwa wamekufa. Watano walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wakihema.

 Bibi alifungua kichupa, akatoa kijikaratasi chekundu, akakichovya majini. Mbele ya macho yangu kikageuka buluu. Nywele zilinisimama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nilikochota, na karatasi ile ilikuwa imenisema.

"Maji haya umeyatoa wapi?" akauliza.

"Kwa ng'ombe, Bibi. Mtoto anaumwa."

"Nenda nyumbani," alisema bila kunitazama.

Nilifika nyumbani ninalia. Mama mkwe wangu alikuwa anamenya ndizi. Nilipomweleza, aliweka kisu chini.

"Mwanangu, ulimimina maji ya magadi kwa viumbe vya maji matamu?"

"Yalikuwa safi, mama."

"Safi kwa macho! Unadhani ng'ombe wanayakimbilia kwa nini? Hukuyaonja?"

Sikuwa nimeyaonja. Kesho yake asubuhi aliniambia nibebe vibuyu vitatu. Tulichota kimoja mtoni, kimoja kwenye chemchemi ya juu msituni, kimoja bondeni kwa ng'ombe, tukaenda kwa Bibi. Nilijikokota nyuma njia nzima, lakini mama mkwe alitembea kama anayekwenda kudai haki yake. Hakujua Kiswahili, mimi nilikuwa mdomo wake.

"Mwambie achanganye vibuyu, nisijue kipi ni kipi."

Bibi alimtazama, kisha akamimina maji katika vikombe vitatu vinavyofanana. Mama mkwe akaonja cha kwanza, akakizungusha kinywani, akatema nje mlangoni. "Msituni." Cha pili: "Mtoni, na juu huko mvua imenyesha." Cha tatu hata hakukimaliza. "Ng'ombe."

Bibi akachovya karatasi. Katika viwili vya kwanza haikubadilika rangi kwa kuonekana. Katika cha tatu ikawa buluu iliyokolea. Akarudia na karatasi nyingine. Ikawa vilevile. Ulimi wa bibi kizee wa Kimeru na kichupa kilichovuka bahari vilikuwa vimesema neno moja, na sisi watatu tulibaki tukivitazama vikombe. Halafu Bibi akavuta kiti chake mwenyewe, akamkalisha mama mkwe.

"Muulize tuwaokoe vipi waliobaki."

"Polepole," mama mkwe alisema. "Walioingia kwa kishindo wasitoke kwa kishindo."

Kwa hiyo nikatia maji ya msituni kibuyu kimoja asubuhi na kimoja jioni, nikichovya karatasi kila siku, na kila siku buluu ikafifia. Siku karatasi ilipobaki nyekundu, perege wote watano walikuwa wameshuka chini na kuanza kula.

Lakini baada ya majuma machache jike mmoja alibadilika. Alijificha kwenye majani yaliyoota ndani ya sanduku, koo limevimba, hagusi chakula. Nilichovya karatasi: nyekundu. Nikaonja: maji matamu. Nilikata tamaa, nikajua nimeua tena.

Asubuhi moja, nikiwa nimeinama kutoa makombo, alifungua kinywa na wakatoka watoto. Wadogo kama punje za ulezi, wenye macho, wengi mno, wakasimama mbele ya uso wake kama wingu. Kivuli cha mkono wangu kikapita juu ya maji, na wote wakarudi kinywani mwake, naye akafunga.

Nilimwita Bibi kwa sauti iliyomwamsha mtoto mgongoni. Alikuja na sabuni mikononi, akapiga magoti sakafuni. Nilikimbia nikamleta mama mkwe. Alikaa mbele ya kioo mpaka jike alipowatema tena.

"Siku zote hizo hajala," alisema taratibu, "ili asiwameze."

Vita vilipokuja na Wajerumani wakashindwa, Bibi aliambiwa aondoke. Tuliwabeba perege na watoto wao katika mitungi hadi mto Usa, wanawake watatu. Kabla ya kuwamwaga, mama mkwe aliinama, akateka maji kwa kiganja, akayaonja. Akatikisa kichwa kukubali, nasi tukainamisha mitungi.