Kinu cha Carolina

Nilijuana na marehemu mwaka ule Barking nzima, mtaa wetu huku Landani, tulipokula tambi, mchele ulipokwisha madukani na watu wazima wakanyang'anyana mfuko wa mwisho kama fisi. Yeye alikuwa mwanamke wa Kyela, amekulia kwenye majaruba ya mpunga, na alikula hizo tambi huku amenuna mwaka mzima. Jumatano amefariki, kifua kilimbana, tukamzika kwenye mvua, watu kumi na mmoja tu. Wasomaji wangu mnanijua, sijui kupamba maiti. Alikuwa mgomvi na mchoyo hata wa salamu. Ila kuna siku alinishinda, na bora niiseme mwenyewe.

Tulifanya usafi pamoja kwenye jumba moja la kale hapa Landani, la kutembelewa na watalii. Aliyelijenga, kibao kinasema, alitajirika kwa kilimo cha mpunga huko Carolina, Marekani, enzi Waingereza wanaitawala. Kilimo! Kama vile alishika jembe. Siku moja wenye jumba wakaleta kinu na mchi wa zamani waviweke kwa maonyesho, na kijana mmoja wa pale akaushika mchi kama mwavuli. Mwenzangu kiburi cha kazi kikampanda. Akamnyang'anya, akatwanga mara tatu, puu, puu, puu, kiuno kimetulia, mikono inapokezana. Meneja akaona, akapiga makofi. Hilo ndilo lililomponza.

Mjukuu wangu wa kike anasoma historia chuo kikuu, na nitaendelea kuwaambia mpaka mchoke. Siku ile alinifuata kazini, akatueleza habari ya kile kinu. Kiswahili anakielewa lakini anajibu Kiingereza tu, basi nikawa namgeuzia mwenzangu, ambaye Kiingereza hakukijua. Wale mabwana, akasema, mpunga hawakuujua. Wakanunua watu wa Afrika Magharibi walioujua, wakiwachagua kama mtu anavyochagua ng'ombe wa maziwa. Kutwa miguu ndani ya maji, homa, nyoka. Jua halijatoka wanatwanga, likizama wanatwanga tena, na asiyemaliza fungu lake anachapwa. Mchele mzima ukapakiwa meli kuja huku. Waliotwanga wakala chenga.

"Na wanawake?" mwenzangu akauliza.

"Anasema wanawake walitwanga vilevile, na mimba zao."

Akachukua ndoo yake akaenda kudeki.

Wiki iliyofuata meneja akatuita pale kwenye kinu. Binti mpole, sauti ya asali. Tulishasikia kwamba wasafishaji tumekuwa wengi na mmoja wetu ataondoka. Mimi mkalimani. Binti akasema anataka mwenzangu avae gunia, afunge kitambaa kichwani, atwange kila Jumamosi mbele ya wageni, watoto wapige naye picha. Chakula cha mchana atapewa.

Nikamnong'oneza, "Shoga, twanga. Kwenu si ulitwanga bure?"

"Kwetu nilitwanga nikala mwenyewe." Kisha akasema, kwa sauti, "Mwambie sitwangi. Wenye mchi huu walitwanga wakichapwa, na mimi siwachezei wajukuu wa waliochapa."

Nikamgeukia meneja nikamwambia mgongo unamsumbua. Nilitaka kumwokolea kazi, nilijidanganya hivyo. Ukweli, niliogopa asali ile isije ikanichachia na mimi. Binti akasikitika kweli kweli, akamwonyesha mwenzangu kiti. "Oh, pole! Basi tutamwekea kiti."

Kiti! Kwenye kinu!

"Umemwambia nini wewe mwanamke?" mwenzangu akanirukia.

"Mgongo."

"Mgongo wa nani? Wa mama yako?"

Baada ya majuma matatu alikuwa hana kazi, na mimi nikaongezewa ghorofa aliyokuwa akiisafisha. Niliideki vizuri sana. Miaka aliyobaki nayo aliishi kwa kubahatisha, leo kibarua Croydon, kesho hakuna, na mlangoni kwangu hakukanyaga tena. Tunapenda kuuliza utumwa uliwezekanaje, watu wengi vile wakapigwa mbele ya macho ya wengi vile. Mimi sihitaji kuuliza. Anayekulainishia maneno ukiwa unaonewa, huyo ndiye anayekushika miguu uchapwe vizuri. Ndugu zangu mnaowakalimania wenzenu maofisini, mtu akisema hapana, peleka hapana.

Naipeleka ya kwake leo, nimechelewa. Siku ile alinisukuma kando, akasimama pua kwa pua na yule binti, akairudia kwa Kiswahili kile kile, bila kupunguza neno:

"Mwambie sitwangi. Wenye mchi huu walitwanga wakichapwa, na mimi siwachezei wajukuu wa waliochapa."