Siku Hadjira Alipoinua Mkono

Hadjira alizaliwa Dzamandzar, katika kisiwa cha Nosy Be nchini Madagaska, binti wa fundi wa mitambo ya sukari, na tangu utotoni hakuchoka kuzurura juu ya mwamba wa matumbawe wa Ambondrona bahari ikipwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini akawa mwalimu wa viumbe wa baharini katika chuo cha serikali huko Mahajanga. Kila mwaka, bamvua likifika na maji kupwa mbali, aliwapakia wanafunzi garini hadi bandari ya Antsahampano, wakavuka kwenda Nosy Be, wakainama majini mpaka migongo ikawaka moto.

Kisha serikali ikaanza kubana matumizi. Safari ya Nosy Be ndiyo iliyokatwa kwanza. Hadubini zilizoharibika hazikutengenezwa, na walimu walioondoka hawakupata wa kushika nafasi zao. Hadjira akabaki kuchora matumbawe ubaoni kwa chaki za rangi; zilipokwisha, akachora kwa nyeupe tupu.

Mumewe, Fazul, alipata kazi katika kisiwa cha Réunion, akamsihi waende wote.

"Nikiondoka, nani atawafundisha?" Hadjira aliuliza.

"Na mimi je?"

Fazul alikwenda peke yake, na baadaye akaoa hukohuko.

Hata hivyo somo halikupona. Katika kikao cha walimu, mkuu wa kitivo, Allaoui, aliongea kwa sauti ya chini. "Hatuwezi kubeba yote. Tufunge somo la bahari, au wanafunzi wa udaktari waendelee kushika wagonjwa bila glavu."

Walimu wakainamisha macho, wakimwonea haya Hadjira. Yeye akawa wa kwanza kuinua mkono.

"Fungeni," alisema.

Alikwenda mwenyewe kuwapasha habari wanafunzi. Attoumane, kijana wa bara aliyewapita wote darasani, alikuwa hajauona mwamba hata siku moja.

"Na wewe ulikubali, Madamu?"

"Nilikubali."

Attoumane alikusanya vitu vyake, akatoka bila kuaga.

Hadjira alipewa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika ukumbi uliofurika hadi wengine wakasikilizia madirishani. Aliwafundisha vizuri, kwa sauti isiyotetereka.

Mama yake alipofariki, alirudi Dzamandzar kuzika. Wanawake walimshika mabega, wakimwambia mama amepumzika. Alilia mpaka sauti ikakauka, wala hakumwambia yeyote kwamba kilio kile alikianza moyoni siku ya kikao.