Jibu la Fisi Maji

Fiii! Mluzi mmoja, mwembamba kama uzi, unaopanda mwishoni kama swali. Miaka imepita, lakini Shangazi angali anausikia.

Kila mtu pale kwenye bustani ya wanyama alimwita Shangazi, hata daktari wa wanyama. Kwa miaka kumi na tisa alisugua kidimbwi cha fisi maji na kuwakatia samaki, mpaka shombo ikamwingia kwenye kucha. Lugha yao aliijua. Wakigunaguna, wako pamoja na wameridhika. Wakifoka, usithubutu kuingiza mkono. Wakipiga mluzi, mmoja hamwoni mwenzake. Anauliza, uko wapi?

Siku hizo walikuwa wawili tu, jike na dume. Jike alipokufa kwa uvimbe wa tumbo, dume alishinda akipiga mluzi. Siku ya tatu huruma ikamzidi nguvu Shangazi. Akakunja midomo, akamjibu kwa mluzi wa marehemu.

Dume akaruka, akazunguka kidimbwi, akachungulia kila tundu, akarudi, akauliza tena. Naye akajibu tena. Alidhani anamliwaza.

Wiki ikakatika. Samaki wakawa wanarudi na ndoo vilevile walivyoletwa.

"Mchumba wako kagoma kula, Shangazi," bawabu akamtania. "Au hujui kupika?"

"Nyamaza wewe, usiye na mchumba hata wa kugoma!"

Daktari hakucheka. Alisimama kando ya ukuta, akamsikia Shangazi akijibu, akamwona dume akimtema samaki aliyekwisha kumng'ata na kuikimbilia sauti.

"Shangazi, kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Namfariji, mwanangu."

"Anauliza mwenzake yuko wapi, nawe unamwambia yupo. Ataachaje kutafuta, akae ale? Zitazame mbavu zake. Hana wiki nyingine huyu."

Shangazi akazitazama. Huruma yake ndiyo iliyokuwa ikimnyima mnyama chakula.

Kesho yake akaketi ukingoni mwa kidimbwi. Mluzi ukaja. Akauma midomo. Ukaja wa pili, ukaja wa kumi, na kila mmoja ukamchoma kama sauti ya mtoto aliyefungiwa nje. Adhuhuri dume akapanda jiweni, kalowa, kakonda, akamkazia macho, akauliza kwa mara nyingine.

Midomo ya Shangazi ikaanza kujikunja yenyewe. Akaiziba kwa kiganja mpaka ikatulia, kisha akamwinamia.

"Amekufa, baba," akasema, kwa sauti isiyofika hata ukutani. "Amekufa."